Una Dakika Tano?

Majengo, Meru
9 Februari 2025

Kwa dada yangu Mama Mutugi,

Muga? Mimi ni mzima, na naamini huko Kiambere mko wazima pia, wewe na shemeji Ndambiri na Mutugi wetu, na mbuzi wenu wasiojua adabu.

Najua umeshtuka kuona bahasha. Siku hizi barua ikifika nyumbani watu hudhani imetoka kortini. Tulia, ni mimi mdogo wako Gacheri. Tangu Krismasi nimekupigia simu mpaka maneno ya yule mwanamke wa mtandao nayajua kama Baba Yetu. Basi nikasema niandike kama tulivyofundishwa shuleni, na kwa Kiswahili hicho hicho cha shuleni, maana Kimeru chetu nakijua kwa mdomo, kwa kalamu kinanishinda. Misheck, yule anayekuja kwenu na pikapu kununua ndengu, amekubali kuwa posta yetu.

Mama hajambo. Nilikuwa Kiirua Jumapili iliyopita. Baridi ya huko ni ile ile, viazi vimekubali, na yeye bado anapanda kwenye mteremko nyuma ya nyumba ingawa tumemkataza mara ngapi. Anauliza wewe, Celina wake, utakuja lini. Nikamwambia Celina ana shughuli. Akauliza tena.

Mengine ni kwamba ile chekechea niliyokuwa nafundisha ilifungwa mwishoni mwa mwaka. Usinionee huruma. Nimepata kitu kingine, tena kizuri kuliko kuwapangusa kamasi watoto wa watu. Nimejiunga na kampuni iitwayo Chipukizi Hai. Anayenifundisha ni dada mmoja anaitwa Beverlyne, mwanamke wa nguvu kwelikweli, ungempenda. Kuna jambo zuri sana nataka kukushirikisha, lakini haliwezi kuelezwa kwenye karatasi. Je, una dakika tano? Shika simu tu, dada. Dakika tano.

Mdogo wako akupendaye,
Gacheri

—

Kiambere
2 Machi 2025

Kwako Gacheri,

Salamu nyingi kutoka kwenye jua. Sisi tuko. Mvua haijanyesha, lakini hiyo si habari, habari ni siku itakaponyesha. Viboko wametoka bwawani wakala kunde za jirani, na sasa jirani anawalaumu watu wa umeme wenye hilo bwawa kana kwamba wao ndio waliowafuga. Mutugi ameota ndevu tatu, anazichana. Ndambiri magoti yanamsumbua akipanda kilima.

Nimefurahi kusikia Mama ni mzima. Mwambie nitakuja Pasaka kama ndengu zitauzika. Na hayo mambo ya kulima kwenye mteremko mkataze wewe uliye karibu, mimi sauti yangu haifiki.

Pole kwa kazi. Ulikuwa mwalimu mzuri, wale watoto walikuita Ticha Gacheri hata mitaani.

Simu yangu ina shida. Huku bondeni mtandao ni wa kubahatisha, ukiupata kwenye jiwe fulani unaupoteza ukipiga chafya. Usikasirike nisiposhika.

Jambo lisiloweza kuelezwa kwenye karatasi, mimi nilifundishwa nikiwa msichana kulikimbia. Nakutania. Ndambiri amenionyesha picha uliyomtumia, ya mzee aliyetupa magongo baada ya kunywa chai ya majani yenu, na maneno mengi chini yake. Amesema magoti yake bado hayajafikia hatua ya magongo. Kwa hiyo tunaijua kidogo hiyo biashara. Umeuliza kama nina nafasi ya kusikiliza zaidi. Nitaona.

Wasalimie watu wa Majengo.

Dada yako,
Celina

—

Majengo, Meru
16 Machi 2025

Mpendwa dada Celina,

Asante kwa barua, ibwega mono! Mimi sijambo, Mama hajambo, ila amepata kikohozi kidogo cha vumbi. Nimempelekea chai yetu. Anasema ni chungu kama dawa ya ng'ombe, lakini anainywa nikiwa nimesimama pale. Nikigeuka nadhani anaimwaga, maana mchicha ulio karibu na mlango umestawi ajabu. Unamjua Mama alivyo mjanja.

Dada, ulisema "nitaona"! Niliisoma barua yako pale juu kwenye chumba chetu cha mafunzo, Jumamosi, mbele ya watu wote, na Beverlyne akapiga makofi. Acha nikueleze. Watu tunaowatafuta tunawaita watarajiwa, nao wako wa aina tatu. Kuna wa moto, huyo anauliza mwenyewe atajiunga vipi. Kuna baridi, huyo anasema sitaki, na mtu akisema sitaki unamwacha, usipoteze nguvu. Halafu kuna vuguvugu, na hao ndio utajiri wenyewe. Hao ndio wanaosema nitaona, nitafikiria, tutaongea. Beverlyne anasema mtu wa vuguvugu ni chungu kilicho tayari jikoni, kazi yako ni kuchochea kuni tu. Unamfuata leo, unamfuata kesho, unampelekea salamu, unampelekea ushuhuda, mpaka achemke. Wewe ni vuguvugu, dada! Na ndugu ndio wa kwanza kufuatwa, kwa sababu tayari wana joto la damu.

Ungeniona nilivyojikusanyia watu! Mke wa pasta wa Kiirua amesema nitaona. Kithinji mwenye duka la dawa za mifugo, nitaona. Kikundi chote cha akina mama, hata yule mwalimu wa kwaya yenu huko Kiambere niliyepata namba yake kwa Mutugi, wote nitaona. Hakuna hata mmoja aliyenikataa, isipokuwa Guyo mwenye bucha hapa mlangoni petu. Nilimpelekea karatasi yangu, akafuta mikono kwanza, akaisoma mpaka chini, akanirudishia. Akaniambia, "Dada, hii majani mimi sitaki. Usiniulize tena, tusikosane bure." Nikaona haya kwelikweli. Beverlyne akasema mfute, huyo ni barafu.

Kitu kingine tunachofundishwa ni kutotanguliza jambo lenyewe. Mtu akijua mapema unachotaka, anakimbia. Unamtia hamu kwanza. Ndiyo maana nilikuandikia vile, nisamehe, sasa nimekufungulia siri ya jikoni.

Naomba basi dakika tano. Lini, Jumapili?

Wako,
Gacheri

—

Kiambere
25 Mei 2025

Kwako Gacheri,

Salamu. Nimechelewa kujibu, Misheck hakuja kwa muda mrefu, na alipokuja nilikuwa kwenye mazishi ya shangazi yake Ndambiri. Barua yako ya Machi imefika. Sijaimaliza, ni ndefu na macho yangu si ya zamani, nimeiweka juu ya kabati.

Tulivuna kidogo. Mbuzi mmoja alizaa mapacha, Mutugi amewapa majina ya wachezaji wa mpira. Pasaka sikuja, unajua, na nimesikitika. Ndengu hazikuuzika. Mama alisema nini? Usiniambie kama alisema kitu kibaya.

Juzi nikiwa napepeta nilimkumbuka mzee Kailemia, sijui ni kwa nini. Unamkumbuka? Yule aliyemtaka mtamba wetu mweusi. Ulikuwa mdogo. Alikuja akauliza, Mama akamwekea chai, akamwambia nitaona. Akarudi mwezi uliofuata na sukari mkononi, akapewa chai, akaambiwa nitaona. Aliendelea kuja mpaka mtamba akawa ng'ombe mzima, akazaa, akazeeka, tukamchinja arusi ya Mjomba, na Kailemia akala nyama yake papo hapo kwetu na kikombe cha chai pembeni. Mama hakumwambia hapana hata siku moja. Watu wetu hawamfukuzi mtu kwa mdomo. Nilimuuliza Mama siku moja kwa nini hakumwambia tu mzee wa watu ukweli. Akasema, "Nilimwambia. Kila alipokuja."

Basi, ni kumbukumbu tu za mtu anayezeeka.

Simu bado haijatengemaa. Kula vizuri, picha uliyomtumia Mutugi umekonda shingo. Je, chekechea nyingine hakuna huko mjini?

Dada yako,
Celina

—

Meru
19 Juni 2025

Celina,

Mama ameanguka. Naandika hilo kwanza.

Alikuwa kwenye ule mteremko, mvua ilikuwa imenyesha, akateleza na karai la viazi. Mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Alilala pale kwenye matope mpaka watoto wa Ciku, yule jirani wa mto, walipopita wakitoka shule. Ni mzima, anaongea, tuko hospitalini. Anakuulizia.

Daktari anasema lazima apasuliwe, na kabla ya kupasuliwa lazima ndugu walete watu wa kutoa damu, kwa sababu ile ya kundi lake hawana. Yangu waliipima wakaikataa. Wamesema mimi mwenyewe damu yangu haitoshi. Mimi, ninayeuza chai ya kuongeza damu. Muuguzi aliniangalia fulana yangu yenye maandishi ya kampuni, nami nikaigeuza ndani nje chooni.

Nikaanza kupiga simu. Dada, nina namba nyingi kuliko chifu. Hakuna aliyeshika. Mke wa pasta hakushika. Kithinji alikata. Kikundi cha akina mama nilikitumia ujumbe, alama zikaonyesha wamesoma, kimya. Nikapiga kwako, nikapiga kwa Ndambiri, nikapiga mpaka kwa mwalimu wa kwaya yenu. Nilikutumia ujumbe pia. Nimeurudia kuusoma sasa hivi hapa kwenye benchi. Umeanza hivi: "Dada mpendwa, habari za leo? Kuna jambo muhimu sana ningependa kukushirikisha." Mama yuko mwishoni, baada ya mistari mitano. Vidole viliandika vyenyewe. Sidhani ulifika huko chini.

Kisha Guyo wa bucha akanikuta nimeketi kwenye ngazi pale Majengo, akanipa simu yake. Nikakupigia kwayo. Ukashika! Ukasema, "Haloo, nani mwenzangu?" Nilipoisikia sauti yako nilitaka kulia. Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Dada, ni mimi, una dakika tano?"

Ukasema uko kwenye mkutano wa kanisa, utanipigia. Nilisikia mbuzi, Celina. Nilisikia mbuzi na Mutugi akiwafukuza. Nikapiga tena, hukushika tena.

Siwezi kukulaumu, ndilo jambo linaloniua. Ningekuwa wewe ningekata.

Guyo aliniuliza, "Sasa hao ni watu wa kwenu ama ni wa nani?" Akauliza shida ni nini, nikamwambia. Akasema, "Si ungesema ni mama? Twende. Damu mimi naijua, ni kazi yangu." Akafunga bucha mchana kweupe, akaja na vijana wake wawili na jamaa mmoja wa msikitini ambaye simjui hata jina. Walitoa, wakapewa soda, wakaondoka. Bado inahitajika zaidi, na foleni ya chumba cha upasuaji inasonga bila sisi.

Nampa Misheck barua hii, ameniapia ataifikisha mkononi mwako. Njoo. Sikuuzii kitu.

Gacheri

—

Kiambere
20 Julai 2025

Mdogo wangu Gacheri,

Nilirudi salama kutoka huko Meru. Huku kila mtu anamwombea Mama. Mutugi anauliza kama ataweza kuendesha kiti cha magurudumu cha Mama kwenye mchanga wetu, nimemwambia akome. Ndambiri anasema pole, na amesema nikuandikie kwamba yeye pia aliona simu zako, na hana la kujitetea.

Tulikaa wiki nzima pande mbili za kitanda cha Mama, wewe kule na mimi huku, na tukaongea habari za uji na shuka. Mama alikuwa akituangalia kwa zamu. Nilishindwa kusema. Sasa naandika, maana kalamu haina uso wa kutazamwa.

Simu yangu haikuwa na shida yoyote. Jina lako nililizima mwezi wa kwanza, haliiti, linawaka tu na kuzimika. Ujumbe wako wa siku ile niliufuta baada ya mstari wa kwanza. Na barua yako ya mwisho, Misheck aliponipa, ningeiweka juu ya kabati pamoja na ile nyingine, kama si yeye kusema, "Pole kwa mama, naona amelazwa." Nilijua kutoka kwa mnunuzi wa ndengu, bahasha yako ikiwa mkononi mwangu haijafunguliwa. Hicho ndicho nitakachozikwa nacho.

Daktari alinivuta kando siku ya kuondoka. Alisema mfupa ulikaa sana kabla ya kushikwa, usitegemee atembee tena peke yake. Nafikiri na wewe amekuambia. Hatukuambiana.

Sasa sikiliza, kwa sababu nimegundua kwamba sisi sote tulikulea vibaya na adabu zetu. Nilikuambia nitaona. Mke wa pasta alikuambia nitaona. Ukakimbia huku na huku ukichochea kuni chini ya vyungu vitupu, na hakuna aliyekuonea huruma akwambie ndani hamna kitu. Mchinjaji peke yake ndiye aliyekuheshimu. Akakuambia sitaki, yakaisha, na kwa kuwa hakuwa na sababu ya kukukwepa, siku ya dhiki alikuwa pale pale mlangoni pake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi ni dada tu.

Basi nami nakwambia leo. Sitaki. Sitaki chai yenu, sitaki kuwa chini ya mtu wala juu ya mtu, sikutaka tangu mwanzo na sitataka mwakani. Umenisikia? Nifute kwa Beverlyne, niite barafu.

Lakini wewe nakutaka. Tunaweza kumleta Mama huku, joto ni zuri kwa mifupa na nyumba yetu haina ngazi hata moja. Amekubali, ila kwa sharti kwamba Gacheri aje pia. Chekechea ya kanisa letu haina mwalimu tangu Pasaka, watoto wanaimba wimbo mmoja tu kutwa nzima mpaka mbuzi wameujua. Nimeongea na mzee wa kanisa. Chumba cha Mutugi ni chako, yeye atalala sebuleni na ndevu zake. Njoo, Gacheri. Acha hiyo kazi uje. Nijibu ndiyo au hapana, usinizunguke.

Dada yako,
Celina

—

Kiambere
31 Agosti 2025

Gacheri,

Habari za huko? Huku tuko vile vile, mvua bado, jirani bado anagombana na viboko.

Misheck amekuja mara mbili mikono mitupu. Nimekupigia asubuhi, nimekupigia mchana, kila mara naambiwa unaongea na mtu mwingine. Nimempigia Ciku, amesema unafika Kiirua jioni, unamwosha Mama, unampikia, unaondoka alfajiri na mkoba wako. Mama nimeongea naye, amesema wewe ni mzima na hataki kusema zaidi. Mama akikataa kusema, mimi hulala vibaya.

Sasa ni mimi ninayekufuata, umeona dunia? Salamu leo, salamu kesho. Ningekuwa na ushuhuda ningekutumia. Mzee wa kanisa ananiuliza kila Jumapili kama mwalimu anakuja, nami nimeanza kupita mlango wa nyuma.

Mdogo wangu, una dakika tano?

Celina

—

Kiirua
28 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Mama Mutugi,

Mimi ni mzima. Nakuandikia nikiwa nimeketi na Mama juani, nimemgeuza kiti aangalie upande wa mteremko. Anaona viazi ambavyo hakuna aliyevichimba na anasikitika. Anakula. Anakusalimu, na anasema Mutugi anyoe.

Barua zako zote mbili nilizipata. Nilizisoma, sikuziweka juu ya kabati, sina kabati.

Asante kwa kuniambia sitaki. Nilikasirika nusu siku, kisha nikaona ni kitu cha kwanza cha kweli nilichoambiwa mwaka huu na mtu wa kwetu. Nilimwambia Guyo, akasema, "Huyo sister yako ako sawa." Ananipa mifupa ya supu ya Mama, na hajaniuliza nitaacha lini.

Dada, kuna jambo. Najaribu kulitanguliza na kalamu inakwepa. Mwezi uliopita Beverlyne alinisimamisha mbele pale juu kwenye chumba cha mafunzo, niseme habari za Mama. Chumba kilijaa, wengine walitoka mpaka Embu. Nikasema mama yangu alivunjika nyonga, nikasema anakunywa chai, nikasema anaendelea vizuri. Hayo yote ni kweli, si ndiyo? Anaendelea vizuri. Beverlyne akachukua kipaza sauti akasema, "Na leo mama anatembea!" Watu wakasimama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Celina. Makofi yalikuwa marefu, na baada ya makofi palikuwa na kimya, na ndani ya kile kimya nilikuwa na nafasi. Sikumkatiza. Sasa Mama ana picha. Ni ile ya zamani, amesimama na jembe, iko kwenye simu za watu chini ya yule mzee wa magongo. Yule mzee naye siku hizi namuwaza sana. Nashangaa ni nani alikuwa binti yake.

Watu wanajiunga kwa ajili ya Mama. Kuna mjane mmoja kutoka Runyenjes, anaitwa Rwamba, yuko chini yangu, ni mimi niliyemwingiza. Mama yake hainuki kitandani. Ananipigia kila siku kuniuliza amchanganyie kiasi gani. Nikija Kiambere, nitamwambia nini? Na nisipomwambia, atakuja kumpigia nani?

Unaniuliza kwa nini simu yangu inaongea kila wakati. Ni Beverlyne, ni Rwamba, ni watu wa chini ya Rwamba. Beverlyne hunipigia kila asubuhi kabla jua halijatoka, ananiita bingwa. Wewe hujui upweke wa simu isiyoita, kwa sababu yako huita. Ile wiki ya damu niliishika simu kama mtu anayeshika mkono wa maiti, na aliyenipigia bila mimi kumpigia alikuwa yeye peke yake. Hakuleta damu. Lakini alipiga.

Sasa naomba, na hili ndilo jambo lenyewe. Jumamosi ijayo Beverlyne anataka kuleta gari zima la watu hapa Kiirua wamwone Mama akitembea. Nilimwambia Mama ana mafua. Akasema tutamwombea. Mwambie Ndambiri aje na Misheck wamchukue kabla ya hapo, Jumatano au Alhamisi, wamlaze kwenye godoro nyuma ya pikapu polepole. Nguo zake nimezifunga. Dawa zake ziko kwenye mfuko wa buluu, za asubuhi na za jioni nimezitenganisha. Usimpe chai yetu, nimeitoa yote. Watu wakija nitawaambia ametembea mpaka Embu kumwona binti yake. Watacheka, watafurahi, watapiga picha ya mlango.

Mama ananiangalia ninavyoandika. Ameniuliza naandika nini, nikamwambia nakwambia kwamba tuko salama. Ameniuliza kama tutakuja sote wawili. Nimempa jibu lile lile ninalokupa wewe, akashusha macho akaanza kuchambua kunde, hakuniuliza tena. Ni yeye aliyetufundisha.

Kuhusu kuja Kiambere, dada, nitaona.

Mdogo wako,
Gacheri